Namna ya Kuiga kwa Kompyuta Mtiririko wa Vimiminika vya Baridi Kali Katika Injini ya Roketi

Gesi asilia iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982 ni methani kwa sehemu kubwa kabisa. Methani hiyo ikisafishwa na kupozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri hugeuka kimiminika, na kimiminika hicho ndicho mafuta ya injini za roketi kama Raptor ya SpaceX na BE-4 ya Blue Origin. Roketi ya kwanza ya methani kufika kwenye obiti ilikuwa Zhuque-2 ya China, mwezi Julai 2023. Kwa hiyo mwanafunzi wa uhandisi aliyeko Mtwara, ambaye akienda Msimbati huupita mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba, au yule wa Lindi anayefuatilia mpango wa kiwanda cha gesi kimiminika Likong'o, hana sababu ya kuliona somo hili kuwa la watu wa mbali. Kompyuta mpakato yenye viini vinne, programu huria ya OpenFOAM ya kuiga mitiririko, na maktaba ya CoolProp inayotoa sifa za vimiminika na gesi, vinatosha kuanzia.

Mwongozo huu unashughulikia jambo moja tu, nalo ni kavitesheni, yaani kuzuka kwa vipovu vya mvuke ndani ya kimiminika pale kanieneo linaposhuka chini ya kanieneo la mvuke wake. Nimelichagua kwa sababu ndilo linalowakwamisha wengi, na pia kwa sababu madhara yake katika roketi yanajulikana. Tarehe 15 Novemba 1999 roketi ya Japani ya H-II namba 8 ilipoteza injini yake ya LE-7 ikiwa angani. Injini hiyo iliopolewa kutoka sakafu ya Bahari ya Pasifiki, kina cha takriban mita 3,000, na uchunguzi ulionyesha kwamba panga la induza ya pampu ya haidrojeni lilikuwa limevunjika kwa uchovu wa metali, kavitesheni ikiwa miongoni mwa vyanzo vya mtikisiko uliolichosha. Induza ni lile panga lenye umbo la parafujo linalotangulia mbele ya pampu ili kukiandaa kimiminika kabla hakijasukumwa kwa nguvu, na kwa kuwa liko mahali penye kanieneo dogo kuliko pote, vipovu huanzia hapo.

Kwa nini si maji yaliyopozwa

Wengi huchukua mfano wa kavitesheni ya maji uliokwisha kuandaliwa, wakabadilisha msongamano na mnato, kisha wakauita naitrojeni. Majibu hutoka na picha hupendeza, ila urefu wa wingu la mvuke huwa si sahihi. Kosa halimo katika msongamano wala mnato, limo katika joto.

Kimiminika kinapogeuka mvuke hukihitaji kile kiasi cha nishati kinachoitwa joto fiche, na hapana pa kukipata isipokuwa kwenye kimiminika chenyewe kilichobaki jirani. Ndivyo mtungi wa udongo unavyoyapoza maji ya kunywa kwenye kibaraza: yanayopenya na kukauka nje huondoka na joto la yaliyobaki ndani. Katika maji ya nyuzi 25 upoaji huu ndani ya kavitesheni ni kama asilimia 1.4 ya nyuzi moja, kiasi ambacho mhandisi wa pampu za maji hukipuuza bila hasara. Katika vimiminika vya baridi kali hali ni nyingine kabisa.

Kipimo chepesi cha kulinganisha hupatikana kwa kuzidisha msongamano wa mvuke kwa joto fiche, kisha kugawanya kwa zao la msongamano wa kimiminika na joto mahususi lake. Kwa naitrojeni, tutakayoanza nayo kabla ya kuhamia methani, kwenye kelvini 83 tunachukua msongamano wa mvuke takriban kilo 8.2 kwa mita ya ujazo, joto fiche kilojuli 192 kwa kilo, msongamano wa kimiminika kilo 780 kwa mita ya ujazo, na joto mahususi kilojuli 2.08 kwa kilo kwa kelvini. Jibu linakaribia kelvini 1. Sasa tazama kinachofuata: kwenye halijoto hiyo, kanieneo la mvuke wa naitrojeni hushuka kwa takriban kilopaskali 19 kila halijoto inaposhuka kelvini 1, ilhali kwa maji ya nyuzi 25 mshuko huo haufiki hata kilopaskali 0.2. Hivyo naitrojeni inayochemka hujipoza, ikijipoza hupunguza kanieneo la mvuke wake, na kanieneo hilo likipungua kuchemka kwenyewe hupungua. Kavitesheni inajizuia yenyewe. Programu isiyokokotoa halijoto haiwezi kuliona hilo hata ungeipa gridi, yaani mgawanyo wa nafasi katika visanduku vidogo viitwavyo seli, yenye seli milioni mia.

Tatizo la kuanzia: venturi

Usianze na induza. Umbo lake ni gumu kuligawa katika seli, linazunguka, na likikupa jibu baya hutajua kosa liko wapi. Anza na venturi, bomba linalobana katikati kisha likapanuka taratibu, ambalo pia limo katika mifumo ya kupima na kudhibiti mtiririko wa mafuta ya roketi. Tuseme mdomo wa kuingilia una kipenyo cha milimita 30 na shingo ina milimita 15. Eneo la shingo ni robo ya eneo la mdomo, kwa hiyo kimiminika kinachoingia kwa mita 5 kwa sekunde kitapita shingoni kwa mita 20 kwa sekunde.

Kabla ya kufungua programu yoyote, chukua karatasi. Kwa kanuni ya Bernoulli, kanieneo linashuka kati ya mdomo na shingo kwa nusu ya msongamano mara tofauti ya miraba ya kasi, yaani 0.5 × 780 × (400 − 25), ambayo ni takriban kilopaskali 146. Ikiwa kanieneo mdomoni ni kilopaskali 320, shingoni litabaki 174. Kanieneo la mvuke wa naitrojeni kwenye kelvini 83 ni takriban 188. Pengo ni kilopaskali 14, kwa hiyo vipovu vitazuka. Lakini tumeona kwamba upoaji wa kelvini 1 unashusha kanieneo la mvuke kwa kilopaskali 19, kiasi kinachozidi pengo lote. Kwa hesabu ya mistari mitatu tayari tunajua kwamba tofauti kati ya kuwapo na kutokuwapo kwa halijoto katika mfano wetu si nukta za mwisho za desimali, bali ni kama wingu litakuwa refu au dogo mno. Atakayeiruka hesabu hii ya karatasi hatakuwa na kitu cha kuihojia kompyuta baadaye.

Sifa za kimiminika

CoolProp ni ya bure na hufanya kazi ndani ya Python. Mstari mmoja hukupa kanieneo la mvuke:

PropsSI('P','T',83,'Q',0,'Nitrogen')

Jibu huja kwa paskali. Badilisha herufi ya kwanza upate msongamano, joto mahususi au mnato, na badilisha Q iwe 1 upate sifa za upande wa mvuke. Tengeneza jedwali kwa kila nusu kelvini. Kwa naitrojeni lisiende chini ya kelvini 63.15, na kwa methani lisiende chini ya 90.69, kwa kuwa hapo kimiminika huganda na milinganyo ya sifa hupoteza maana. Weka ndani ya programu kizuizi kinachokataa halijoto iliyo nje ya jedwali, kwa sababu katika hatua za mwanzo za ukokotoaji seli moja yenye wazimu inaweza kushuka hadi kelvini 40 na kuua kazi nzima.

Ukitaka wepesi, kanieneo la mvuke wa naitrojeni kati ya kelvini 72 na 86 hufuata vizuri mlinganyo huu, ambamo p iko katika paskali na T katika kelvini:

ln p = 20.567 − 699.2 / T

Ujaribu kwenye kelvini 77.36, ambapo naitrojeni huchemka katika kanieneo la kawaida la hewa. Utapata takriban paskali 101,600, na thamani halisi ni 101,325. Kwa kazi yetu tofauti hiyo inavumilika.

Kuandaa programu

Katika matoleo ya OpenFOAM yenye kikokotozi (sehemu ya programu inayotatua milinganyo) kinachoitwa interPhaseChangeFoam, humo mna mifano mitatu ya kubadilika hali: Kunz, Merkle na SchnerrSauer. Kikokotozi hicho hakina mlinganyo wa nishati, na kanieneo la mvuke ndani yake ni namba moja isiyobadilika, inayoandikwa pSat. Katika mifano ya mazoezi inayokuja na programu namba hiyo ni paskali 2,300, ambayo ni ya maji. Ukiisahau hapo huku ukiwa umebadilisha kila kitu kingine kuwa naitrojeni, programu haitalalamika. Itakuambia tu kwamba hakuna kipovu hata kimoja, nawe utatafuta kosa kwenye gridi isiyo na hatia.

Nakili folda ya kikokotozi hicho kwenye eneo lako la kazi, ipe jina jipya, kisha ongeza mambo mawili. La kwanza ni mlinganyo wa halijoto, wenye sehemu ya kubadilika kwa muda, sehemu ya kubebwa na mtiririko, sehemu ya kusambaa kwa joto kupitia mnato wa msukosuko (mnato wa ziada unaowakilisha mchanganyiko wa mtiririko wenye vurugu), na upande wa kulia sehemu ya chanzo, ambayo ni kiwango cha uvukizi mara joto fiche, ikiwa na alama ya kutoa. La pili ni kuigeuza pSat kutoka namba moja kuwa uga, unaokokotolewa upya katika kila seli kutokana na halijoto ya seli hiyo. Kompaili kwa wmake. Mtu anayeijua C++ kiasi cha kusoma tu ataweza, maana sehemu kubwa ni kufuata namna milinganyo mingine ilivyokwisha kuandikwa humo.

Viwango vya mifano ya kubadilika hali, yaani namba zake za kuzidishia, vinastahili tahadhari ya pekee. Vilipatikana kwa kulinganishwa na majaribio ya maji. Mfano wa Zwart, unaotumika sana katika programu za kulipia, una 50 kwa uvukizi na 0.01 kwa kurudi kuwa kimiminika, na watafiti wa vimiminika vya baridi kali kwa kawaida huzishusha namba hizo. Maoni yangu ni kwamba usizichezee mpaka mlinganyo wa nishati umesimama, kwa kuwa ukizirekebisha mapema utakuwa unatumia namba za uvukizi kuficha kasoro ya joto, na marekebisho yako yatafaa bomba moja tu.

Kwa msukosuko tumia mfano wa k-omega SST, pamoja na marekebisho ya Reboud yanayopunguza mnato wa msukosuko pale mchanganyiko unapokuwa na mvuke mwingi. Bila hayo, mnato huo huwa mkubwa kupita kiasi nyuma ya wingu, na wingu ambalo kwa kweli hukatika na kuachia vipande hubaki limetulia.

Gridi, mipaka na muda

Kwa kuwa venturi ni mviringo, kipande chembamba mfano wa kabari kinatosha badala ya bomba zima, na seli 40,000 zilizopangwa kwa uangalifu zitafaa kwa mwanzo. Namba ya Reynolds, yaani uwiano wa nguvu za mwendo na za mnato, shingoni ni takriban milioni 1.75, hivyo ukitumia kanuni za ukutani (fomula zinazokadiria mtiririko ulio karibu kabisa na ukuta) kitovu cha seli ya kwanza kiwe kama maikromita 7 kutoka ukutani. Songamanisha seli shingoni na mara baada ya shingo. Huko mbele ya mdomo usipoteze seli.

Kwenye mdomo weka kasi na halijoto. Kwenye njia ya kutokea weka kanieneo, ukianzia karibu kilopaskali 298, kwa kuwa venturi hairudishi kanieneo lote lililoshuka. Kisha soma kanieneo la mdomoni linalojitokeza na urekebishe la kutokea hadi upate 320. Mtu hushawishika kuweka kasi na kanieneo vyote viwili mdomoni, lakini tatizo la namna hiyo halina jibu linalosimama. Ukuta uwe usiopitisha joto. Ni kweli kwamba hewa ya Mtwara ina kelvini 300 na zaidi, na kwamba bomba halisi lingevuja joto kuingia ndani, lakini katika urefu wa sentimita chache na kasi hii athari hiyo ni ndogo kando ya joto fiche.

Endesha kwanza bila kubadilika hali mpaka mtiririko utulie, na uhakikishe kwamba kanieneo la shingoni linakaribia 174 ya karatasi yako. Ndipo uruhusu uvukizi. Ukiuruhusu tangu sekunde ya kwanza, mawimbi ya kanieneo ya mwanzo yatazusha mvuke mahali pasipo na mvuke na hesabu italipuka. Weka maxCo, yaani sehemu ya seli ambayo mtiririko unaruhusiwa kuipita katika hatua moja ya muda, iwe 0.5. Kwa seli za milimita 0.1 na kasi ya mita 20, hatua ya muda itakuwa takriban maikrosekunde 2.5, kwa hiyo kazi moja huchukua saa nyingi.

Hapa mazingira yetu yanadai lake. Umeme unaweza kukatika usiku wakati kazi imefika katikati, na betri ya kompyuta inayofanya kazi kwa nguvu zote haidumu. Katika faili la controlDict weka startFrom iwe latestTime, punguza muda kati ya uhifadhi mmoja na mwingine, na tumia purgeWrite ili nakala za zamani zifutwe diski isijae. Umeme ukirudi, kazi itaendelea ilipoishia. Miezi ya joto kabla ya mvua, inua kompyuta juu ya vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini yake. Kompyuta ikipata joto hupunguza kasi yake yenyewe bila kukuarifu.

Kulikagua jibu

Kwanza tazama halijoto ndani ya wingu. Lazima iwe chini ya 83, kwa kiasi cha kelvini moja au mbili hivi. Ikiwa iko juu ya 83, umekosea alama ya joto fiche. Ikiwa iko 75 au chini zaidi, viwango vya uvukizi ni vikubwa mno au hatua ya muda ni ndefu. Kisha rudia kazi ile ile ukiwa umeifunga halijoto isibadilike, na uweke picha mbili sambamba: wingu la kazi yenye nishati linapaswa kuwa fupi zaidi na kingo zake ziwe za kufifia, si za kukatika kwa mstari mkali kama zile za maji. Rudia kwenye gridi laini zaidi na kwenye gridi iliyo nene zaidi. Kama urefu wa wingu unabadilika kila mara, bado huna jibu.

Ukaguzi wa kweli, hata hivyo, ni wa majaribio ya maabara. Jesse Hord, akifanya kazi katika iliyokuwa National Bureau of Standards ya Marekani kwa ajili ya NASA, alichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 vipimo vya kanieneo na halijoto ndani ya kavitesheni ya naitrojeni na haidrojeni kwenye venturi, kwenye ubawa wa majini na kwenye maumbo yenye ncha ya mviringo. Ripoti hizo ziko wazi kwenye hifadhi ya NASA, na mpaka leo ndizo zinazopimiwa karibu kila mfano mpya. Jaribio linalotumika sana ni lile la ubawa lenye alama 290C: naitrojeni ya kelvini 83.06, kasi ya mita 23.9 kwa sekunde, na namba ya kavitesheni 1.70. Namba hiyo ni tofauti kati ya kanieneo la mtiririko na la mvuke, ikigawanywa kwa nusu ya msongamano mara mraba wa kasi. Ukiigeuza utaona kwamba kanieneo la mtiririko lilikuwa takriban kilopaskali 570. Chora ubawa huo, endesha, na uweke nukta za Hord juu ya mstari wako. Mfano ukilingana na kanieneo lakini ukakosa halijoto, haujafaulu, kwa sababu kanieneo peke yake linaweza kulinganishwa kwa kuchezea viwango.

Kuhamia methani

Methani kwenye kelvini 120 ina kanieneo la mvuke la kilopaskali 191, karibu sawa na naitrojeni yetu, na kipimo chake cha upoaji ni takriban kelvini 1.1. Mtu angetarajia wingu lile lile. Lakini msongamano wake ni kilo 410 tu kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kwa mita 20 kwa sekunde kanieneo litashuka kwa kilopaskali 77 pekee na kubaki 243 shingoni, na hakuna kipovu kitakachozuka. Ongeza kasi ya shingoni hadi mita 28, ya mdomoni iwe 7, na kanieneo litafika karibu 169. Hapo una tatizo la kushughulikia.

Katika jedwali la sifa tumia methani safi. Gesi itokayo kisimani, hata iliyo kavu kama ya Mnazi Bay, huwa na vitu vingine kwa kiasi kidogo. Kabonidioksidi huganda kabla methani haijawa kimiminika na ni lazima iondolewe, na naitrojeni iliyoyeyuka ndani ya methani, kwa kuwa huchemka kwenye halijoto ya chini zaidi, hupandisha kanieneo la mvuke na kuwahisha vipovu. Ukitaka kuiga mchanganyiko, fahamu kwamba mlinganyo mmoja wa pSat hautoshi tena, maana kila kijenzi huvukiza kwa kiwango chake.

Mpaka wa mbinu hii uko kwenye kelvini 190.6 na megapaskali 4.6, ambazo ni halijoto na kanieneo vya nukta ya ukomo (critical point) ya methani. Baada ya pampu, ndani ya mifereji inayopoza ukuta wa nozeli, injini nyingi huvuka kanieneo hilo, na huko hapana kipovu wala uso unaotenganisha kimiminika na mvuke. Kuna msongamano unaoporomoka ghafla katika halijoto chache. Kwa sehemu hizo ondoa kabisa mfano wa kubadilika hali, na utumie kikokotozi cha mtiririko unaobanika chenye mlinganyo wa hali wa gesi halisi, kama ule wa Peng-Robinson uliomo ndani ya OpenFOAM, huku ukiulinganisha msongamano wake na wa CoolProp katika kila halijoto utakayoipitia.